Sherehe ya gari la kopo: Rangi za kambini zilivyopamba siku ya binti yangu

BINTI yangu wa mwisho alitimiza miaka 8 Julai 2025. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe alinikuta sebuleni nikihesabu kanga za kupeleka sokoni, akakaa juu ya marobota na kunieleza habari za mwenzake wa darasani aliyefanyiwa sherehe ya mdoli. Kila kitu, alisema, kilikuwa cha rangi ya waridi: maputo, keki, vitambaa vya meza, hata mirija ya kunywea soda.

"Mama, na mimi nataka ya waridi," akasema. "Halafu watoto wote waje."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Mwaka uliotangulia tulipika, tukafagia uwanja, tukapanga mabenchi mawili ya kuazima. Walikuja watoto watatu, na wawili kati yao walikuwa wa dada yangu.

Sisi tunaishi Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Ni wahunguzi, kama wanavyotuita hapa. Yaani tuliokimbia tukarudi. Mimi nilikimbia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 1996, nikiwa na miaka 7, nimeshika upindo wa kanga ya mama hadi kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Tulikaa huko mpaka kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Mara ya pili ilikuwa 2015, safari hii mimi ndiye niliyekuwa nashikwa kanga. Tulifikia Nduta, wilayani Kibondo, na huko ndiko binti yangu huyu alikozaliwa 2017. Tulirudi 2020, yeye akiwa na miaka 3.

Kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, na Kirundi chake kina vituo. Watoto wa mtaani humwita "Mtanzania". Sidhani kama wana nia mbaya. Mtoto hutaja analoliona. Lakini mtu akiitwa jina hilo kila siku kwenye ardhi ya babu yake, hatimaye hujiuliza kama kweli amefika nyumbani. Ndiyo maana sherehe ile haikuwa ya keki tu. Mwanangu alikuwa anapima kama ana wenzake.

Hesabu ya waridi

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa mpakani. Nachukua kanga na kandambili soko la Mwanga, Kigoma, napita Manyovu, navuka Mugina, kisha naifuata barabara ya ziwani kupitia Nyanza-Lac na Rumonge hadi Bujumbura. Msomaji anayeijua njia hiyo anajua pia kwamba faida yake ni ndogo na mtaji wake haupumziki.

Hata hivyo nilijikaza. Nilimwendea mama mmoja mpambaji, nikamweleza mwanangu anataka sherehe ya mdoli. Hakushangaa hata kidogo. Alisema tangu ile filamu ya Barbie ya 2023, kila mzazi anayemjia anataka waridi. Mdoli mwenyewe ni wa zamani kuliko mimi na yeye: aliingizwa sokoni Marekani mwaka 1959 na kampuni ya Mattel, na aliyembuni ni mama mmoja, Ruth Handler, aliyempa jina la binti yake. Zaidi ya miaka 60 baadaye mdoli huyo ameifanya rangi moja iwe mali yake. Ukitaja waridi tu, mtoto wa Bujumbura anamwona.

Mpambaji akataja bei. Sisi wa mpakani hatuhesabu kwa faranga peke yake. Tunahesabu kwa mzigo. Maputo, tao la kupita wageni, vitambaa, viti vya kukodi na keki ya ghorofa mbili vilifika nusu ya robota zangu zote za safari moja. Hapo sijaweka chakula.

Nikajaribu ujanja wa mwenye biashara. Nikasema nitanunua mapambo mwenyewe Kigoma na kuyavusha. Hapo nikakumbuka jambo ambalo wenzangu wengi huligundua wakiwa tayari dirishani pa forodha. Ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kupitisha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 bila ushuru wa forodha, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kanga ya kiwanda cha Tanzania ina nafasi ya kupata cheti hicho cha asili ya bidhaa. Puto la China halina, hata kama umelinunua kwa Mha wa Mwanga mwenye duka lake tangu ujana.

Baba watoto alinisikiliza nikipiga hesabu hizo usiku kucha. Alfajiri akasema neno moja tu: "Mtaji hauliwi."

Nami nililijua. Faranga yetu imekuwa ikipungua nguvu mbele ya shilingi, na kila safari mtaji unarudi umekonda kidogo. Nikila nusu ya mzigo kwa jioni moja, mwezi wa nane nitavuka na nini? Lakini nikimwambia mtoto hapana, nitakuwa nimemjibu lile swali lake kubwa bila kukusudia.

Mjomba na kopo

Ufumbuzi uliletwa na kaka yangu, naye hakujua kama ameleta kitu.

Kaka alikuja kutoka Kigoma mwezi wa sita, siku mbili nyuma ya ratiba kwa sababu ya shida ya mafuta ya magari. Alimkuta mpwa wake amenuna. Akauliza, akaelezwa. Hakusema lolote juu ya waridi wala mdoli. Aliangaza macho jikoni, akaona kopo la bati ambalo mama yangu hupimia unga. Ni yale makopo ya mafuta ya kula ya lita 4 ya msaada wa Marekani: bati la rangi ya fedha, maandishi mekundu na buluu. Aliyeishi kambini hahitaji kuelezwa zaidi. Mafuta yakiisha, kopo lilikuwa kipimo, lilikuwa ndoo, lilikuwa kibatari, lilikuwa mlango.

Na lilikuwa gari. Pale Mtabila kaka yangu alikuwa fundi wa magari hayo kabla hajatimiza miaka 12. Alikata dirisha kwa msumari na jiwe. Magurudumu aliyachonga kwenye kandambili zilizokatika. Ekseli ilikuwa spoki ya baiskeli. Mimi sikuruhusiwa kuendesha kwa kuwa ni msichana, lakini niliruhusiwa kukimbia nyuma na kupiga honi kwa mdomo. Wakati huo mapaa yetu yalikuwa turubai za buluu za UNHCR, zile tulizoziita shitingi, na jua likipita juu yake hata uso wa mtu ulikuwa wa buluu.

Mama akalalamikia kipimo chake. Kaka akamwahidi kingine, akamwaga unga kwenye sufuria, akaanza kazi. Ilimchukua saa mbili. Gari likawa na kabini, tela, na fimbo ndefu ya waya yenye usukani wa mviringo juu yake. Binti yangu alilitazama, akashika usukani, akatoka nalo nje bila kusema asante.

Nilimfuata hadi kizingitini. Alifika kwenye kona ya kwanza akiwa peke yake. Alipofika kona ya pili, nyuma yake walikuwa watoto sita. Aliporudi giza likiingia walikuwa kumi na zaidi, wamepanga zamu ya kuendesha, na mpanga zamu alikuwa yeye. Kirundi chake siku hiyo sikukisikia kituo hata kimoja.

Usiku, akiwa kitandani, akaniambia: "Mama, acha waridi. Sherehe iwe na rangi za gari."

Nikiri jambo moja hapa. Moyo wangu ulisita. Kwa miaka yote niliyorudi nimejitahidi kambi isionekane nyumbani kwangu. Shitingi niliyorudi nayo niliikunja na kuificha chini ya kitanda. Na sasa mtoto anataka niitundike mbele ya majirani! Mama yangu ndiye aliyenitoa kwenye aibu hiyo. "Kopo halikukukosea," alisema. "Lilikulisha."

Kila rangi na mahali pake

Basi tukapanga rangi tatu: buluu, nyekundu na fedha. Kupanga sherehe kwa rangi si jambo geni kwetu. Shughuli zetu za harusi zina sare, na akina mama wa Buyenzi wakivaa kitenge kimoja msibani au arusini utawatambua kutoka mtaa wa kwanza hadi wa mwisho. Kilichokuwa kigeni ni kutafuta rangi ndani ya nyumba kabla ya kuitafuta dukani.

Buluu ilitoka chini ya kitanda. Niliifua shitingi ile kwa sabuni ya unga, nikaianika siku nzima, tukaifunga juu ya uwanja kutoka ukuta hadi mwembe. Ikawa kivuli na pambo kwa pamoja. Julai ni kiangazi Bujumbura, hivyo sikuogopa mvua. Adui alikuwa vumbi, naye tulimtuliza kwa maji ya kunyunyiza.

Nyekundu ilitoka kwenye vizibo. Wiki tatu kabla, binti yangu na wenzake walizunguka kwenye vilabu na migahawa ya mtaani wakiomba vizibo vya soda na bia. Vile vyekundu tulivitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye uzi, vikawa shada za kuning'iniza. Upepo wa ziwani ukipita, vinalia. Vilivyobaki viliwekwa akiba ya magurudumu.

Fedha ilitoka kwenye bati lenyewe. Nilikwenda Buyenzi kwa fundi mmoja anayetengeneza mbabura, yaani majiko ya mkaa. Mafundi hawa hukata mabati na makopo kila siku. Vipande vyao vya mabaki ni vingi. Nilimwomba anikatie nyota na miezi, naye akanikatia kwa bei ya chai. Muhimu zaidi, nilimpelekea makopo 30 niliyoyakusanya: machache ya mafuta, mengi ya samaki wa sardini na ya nyanya. Nikamwomba akate matundu ya ekseli na kupinda kila ukingo ndani, kisha agonge kwa nyundo mpaka ulale kabisa. Msomaji ukijaribu jambo hili, usipuuze hatua hiyo. Bati lililokatwa bila kupindwa ni wembe, na mtoto hukumbuka sherehe kwa kidonda kuliko kwa keki.

Magurudumu yalikuwa juu yangu, muuza kandambili. Kila robota lina jozi mbovu: mguu mmoja mkubwa, mwingine mdogo, au kamba imetoka. Zamani nilizitupa. Safari hii tulizikata duara kwa kufuata mdomo wa glasi, za buluu na za nyekundu, magurudumu 120 kwa makopo 30.

Keki nilioka mwenyewe kwa mkaa. Unaweka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, moto kidogo chini, moto mwingi juu ya mfuniko. Nilioka mbili za mstatili, moja fupi nikaisimamisha mbele iwe kabini. Rangi nyekundu niliipata kwa maji ya bitiruti kwenye sukari ya kupaka. Haikuwa nyekundu, msomaji, nisikudanganye. Ilitoka waridi! Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Soda zilikuwa shida mjini, kama zilivyokuwa shida mara kwa mara katika miaka hiyo. Tukatumia matikiti maji: vipande vya kula, na juisi iliyochujwa. Nayo ilikuwa nyekundu bila kuombwa.

Zawadi za kuondokea zilikuwa magari yenyewe, kwa hiyo sikuhitaji mifuko. Ningehitaji, ningeshona ya vitambaa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, na Burundi ilitoa amri yake ya kuipiga marufuku mwaka 2018. Wenzangu wa mpakani wameshapoteza mizigo kwa kufungasha vitu vidogo kwenye mfuko usiotakiwa.

Kadi iliyorudi

Mpaka hapo nilijiona hodari. Kosa langu nililifanya kwenye kadi.

Binti yangu alichora kadi 30, kila moja ina gari. Chini yake mimi, kwa kuiga niliyoyaona kwa wenye uwezo, niliandika: "Tafadhali mtoto avae buluu au nyekundu." Tukazigawa Jumapili.

Jumanne jioni jirani yangu wa nyumba ya nne alipita mlango wa nyuma. Ni mama wa watoto watano. Yeye hakuwahi kuvuka mpaka. Vita vilimkuta humu humu nchini na kumzungusha kutoka kilima hadi kilima. Tumekuwa tukisalimiana vizuri, lakini salamu zetu hazikuwahi kufika kwenye kiti. Alikuwa ameshika kadi tatu.

"Dada, usione vibaya," alisema. "Watoto wangu hawatakuja. Nimezirudisha ili wapewe wengine."

Nikamuuliza kama kuna lililotokea. Akatazama chini.

"Wana sare ya shule na nguo moja moja ya kanisani. Ya mkubwa ni kijani. Wa pili ni njano. Sitaki wasimame pembeni kama waliokosea njia."

Ndugu msomaji, niliganda. Mimi niliyejua maana ya kusimama pembeni, nimeandika kwa mkono wangu mstari wa kuwaweka watoto wa mwenzangu pembeni. Niliwaza ni kadi ngapi nyingine zimebaki majumbani kwa sababu hiyo hiyo bila mama kuwa na moyo wa kuja kusema. Huenda ndivyo ilivyokuwa hata ule mwaka wa watoto watatu. Sikuwa nimetaja rangi, lakini labda niliweka kizingiti kingine nisichokiona.

Nilimshika mkono nikamkalisha. Nikamwomba msamaha, nikamwomba na ushauri. Tulikunywa chai. Akaniuliza gari hilo kwenye kadi ni la nini. Nilipomweleza, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Sisi tulivuta kopo la sardini kwa kamba ya mgomba," alisema. "Halikuwa na usukani. Tulilipakia mawe, tukasema ni mahindi."

Ufumbuzi aliutoa yeye. Tuchukue kanga mbili kuukuu, moja ya buluu na moja nyekundu, tuzichane vipande vyembamba. Mtoto akifika mlangoni achague kimoja, afunge kichwani, mkononi au kiunoni, vyovyote apendavyo. "Rangi uigawe wewe," alisema. "Usimtume mtu kuitafuta."

Tukazichana usiku ule ule. Asubuhi binti yangu alizunguka nyumba zote na ujumbe mmoja: vaa ulichonacho.

Jumamosi ya magari

Jumamosi asubuhi Bujumbura ni ya kazi za pamoja, kwa hiyo tuliweka sherehe saa nane mchana, watu wamekwisha kuoga na kupumzika. Mkuu wa nyumba kumi nilimjulisha mapema, kwa sababu watoto wengi na kelele nyingi havifichiki.

Saa nane hakuna aliyekuja. Saa nane na robo hakuna. Binti yangu alikaa kwenye benchi chini ya shitingi, kitambaa chekundu kichwani, mikono mapajani. Mama yangu alijifanya anatafuta kitu jikoni. Mimi nilivihesabu vitambaa ambavyo nilikuwa nimeshavihesabu.

Saa nane na nusu jirani wa nyumba ya nne aliingia na watoto wake wote watano, wamenawa mpaka wanang'aa. Yule wa kijani alichagua buluu. Nyuma yao wakaja wawili, kisha wanne kwa pamoja, kisha sikuweza tena kuhesabu wakiingia. Tulipokata keki walikuwa 26. Kila mmoja alikuwa na nguo yake, na kila mmoja alikuwa na rangi yetu. Ukiwatazama kutoka mlangoni usingejua nani kazaliwa Nduta, nani Kinama, nani kilimani.

Kaka yangu alisimamia karakana. Aliwapanga watoto wanne wanne, mkubwa kwa mdogo, akawagawia makopo, magurudumu, spoki na waya. Kazi ya koleo ilikuwa ya watu wazima, kazi ya kuvalisha magurudumu na kupamba ilikuwa ya watoto. Magurudumu yaliyogoma kuzunguka yalipakwa nta ya mshumaa kwenye ekseli, ujanja wa Mtabila huo. Mtoto mmoja aliyerudi kutoka kambini miaka ya karibuni alitufundisha aina nyingine, ya chupa ya maji na vizibo, ambayo kaka hakuwahi kuiona. Fundi mkuu akawa mwanafunzi kwa dakika kumi.

Hapo ndipo mzee wa nyumba ya tatu alipotokea ukutani. Ni mtu asiyesema sana. Alisimama muda mrefu akitazama, kisha akaondoka, nikadhani kelele zimemuudhi. Alirudi na koleo yake mwenyewe. Alikaa chini kati ya watoto, akachukua waya mtupu, bila kopo, na kuanza kuukunja. Kwa nusu saa likatoka basi zima la waya lenye viti. Akaniambia, macho yakiwa kwenye waya, kwamba alijifunzia Uvira mwaka 1995, Kinama ilipokuwa imebaki bila watu. Na kwamba 1996 vita vya Zaire vilipoanza walirudi mbio, basi lake akaliacha chini ya kitanda.

Tumekuwa majirani tangu 2020. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba hata yeye alikimbia.

Jioni magari yalitoka barabarani. Msafara wa makopo, mabasi na matela ulipita mtaa mzima, vumbi nyuma yake, binti yangu mbele. Baadhi ya baba waliokuwa wamekaa vibarazani waliinuka kuonyesha namna ya kukata kona. Mtu mmoja akapiga kelele: "Mtanzania, punguza mwendo!" Nikashtuka. Lakini binti yangu alipunguza mwendo, akapiga honi kwa mdomo, akampita. Jina lile lile. Sauti haikuwa ile ile.

Kwa anayepanga yake

Wapo wasomaji watakaosema sherehe ya siku ya kuzaliwa ni mambo ya wenye nafasi. Inawezekana. Lakini watoto wetu wanaona picha za wenzao kwenye simu, nao wataomba. Kwa mhunguzi na kwa mwenzangu wa mpakani, nina machache ya kusema kutokana na yaliyonipata.

Kwanza, tenga fedha ya sherehe kutoka kwenye faida ya safari moja, nayo ikiisha, imeisha. Yangu ilikwenda kwenye unga, mayai, sukari, matikiti na malipo ya fundi. Robota zangu hazikuguswa.

Pili, mwache mtoto achague kitu cha kuchezea kwanza, kisha rangi zitoke kwenye kitu hicho. Rangi mbili au tatu zinatosha. Tazama chini ya kitanda na nyuma ya jiko kabla ya kwenda dukani.

Tatu, usiandike mavazi kwenye kadi. Weka rangi mlangoni, kila anayeingia aipate bila kuulizwa.

Nne, wape watoto kazi ya mikono. Mtoto asiyejua lugha ya mwenzake anajua kumshikia gurudumu.

Jumatatu iliyofuata nilifunga safari ya Kigoma na mtaji wangu mzima. Kabla sijaondoka mama alinikumbusha deni la kaka: kipimo chake cha unga hakijarudishwa. Nilimwahidi kumletea kopo jipya, na binti yangu akadakia kutoka uani, "Mama, leta mawili!" Jirani wa nyumba ya nne alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akinisubiri anipe fedha ya kandambili za wanawe. Namba za miguu alikuwa ameziandika nyuma ya ile kadi yenye gari.